Grace Hopper na Lugha za Kompyuta

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi sumaku-umeme inavyofanya kazi. Ulizungusha waya kwenye msumari, ukaunganisha ncha za waya na betri, nao msumari ukavuta pini. Ulipokata umeme, pini zikaanguka. Likumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji tena katika somo hili. Sasa utasoma habari za mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi na mashine kubwa iliyojaa sumaku-umeme za namna hiyo. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta njia ya kuiamuru mashine kwa maneno badala ya tarakimu. Jina lake ni Grace Hopper.

Kabla ya kwenda Marekani, hebu tuanzie nyumbani. Tuseme wewe unaishi Hamugembe, katika mji wa Bukoba. Bibi yako amewasili leo kutoka Muleba na gunia la maharage, naye husema Kihaya tu. Mlangoni amesimama mfanyabiashara kutoka Mwanza anayetaka kuyanunua maharage hayo, naye husema Kiswahili tu. Wewe unazijua lugha zote mbili. Unalisikia swali la mgeni kwa Kiswahili, unamweleza bibi kwa Kihaya. Bibi anataja bei kwa Kihaya, unamweleza mgeni kwa Kiswahili. Maharage yanauzwa. Bibi hakulazimika kujifunza Kiswahili, wala mgeni hakulazimika kujifunza Kihaya, kwa sababu wewe ulikuwa mkalimani wao.

Kompyuta nayo ina lugha yake. Lugha hiyo haina maneno. Ni tarakimu tupu, na ndani kabisa ya mashine tarakimu hizo ni swichi zinazofungwa na kufunguliwa. Kompyuta za kwanza zilipotengenezwa, kila aliyetaka kuzitumia ilimbidi ajifunze tarakimu hizo. Watu waliozijua walikuwa wachache mno. Karani, mhasibu na mwenye duka walisimama nje ya mlango, kama yule mgeni wa Mwanza siku ambayo wewe hupo nyumbani. Grace Hopper aliifanya mashine yenyewe iwe mkalimani.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, akaitwa Grace Brewster Murray. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Mama yake alipenda sana hisabati, lakini siku hizo wasichana wengi hawakupewa nafasi ya kuisoma mpaka mwisho. Baba aliugua, akakatwa miguu yote miwili, na tangu hapo alitembea kwa miguu ya kutengenezwa. Hata hivyo aliendelea kwenda kazini, naye alitaka binti zake wapate elimu sawa na kaka yao, ili waweze kujitegemea.

Familia hiyo ilikuwa na nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, na kila chumba kilikuwa na saa ya kengele. Grace alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua ni kitu gani hasa kinachoifanya saa ilie. Akaifungua moja. Magurudumu na springi zikamtoka mikononi, asijue tena kipi hukaa wapi. Badala ya kuomba msaada, akafungua saa ya pili ili atazame jinsi ilivyopangwa. Ya pili nayo ikamshinda, akaenda kwenye ya tatu. Mama yake alipogundua, saa 7 zilikuwa zimelala vipande vipande. Mama hakumchapa. Alimpa saa moja tu ya kuchezea, akamkataza kuzigusa nyingine. Usifanye hivyo na saa ya nyumbani kwenu kabla ya kupata ruhusa!

Alipotimiza miaka 16 aliomba kuingia katika chuo cha Vassar. Akashindwa mtihani wa Kilatini, akaambiwa asubiri mwaka mmoja. Alisubiri, akajaribu tena, akakubaliwa. Mwaka 1928 alihitimu katika hisabati na fizikia. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930 na shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1934. Mwaka huo wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, na kutoka kwake akapata jina tunalolijua. Waliachana mwaka 1945, na hawakuwa na watoto.

Tangu mwaka 1931 Grace alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo kile kile cha Vassar. Huenda angefundisha hapo mpaka uzee, kama walivyofanya walimu wengi wema, lakini Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Grace akataka kujiunga na Jeshi la Majini. Jeshi halikumtaka. Alikuwa amepita umri uliowekwa, na tena alikuwa mwembamba mno: uzito wake ulikuwa kilo 48 hivi, pungufu ya kipimo kwa karibu kilo 7. Zaidi ya hayo, serikali iliona kwamba mwalimu wa hisabati ana manufaa zaidi akibaki darasani. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa za pekee mpaka akazipata, na Desemba 1943 akaapishwa kuwa mwanajeshi. Katika chuo cha mafunzo ya maofisa alimaliza akiwa wa kwanza, akapewa cheo cha luteni mnamo mwaka 1944.

Jeshi halikumpeleka melini. Lilimpeleka Chuo Kikuu cha Harvard, mahali ambapo profesa mmoja aliyeitwa Howard Aiken alikuwa na mashine ya ajabu. Mashine hiyo iliitwa Mark I. Pima darasa lenu kwa hatua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mark I ilikuwa na urefu wa mita 15 na nusu, na kimo cha mita 2.4. Uzito wake ulizidi tani 4. Ndani yake mlikuwa na vipande zaidi ya 750,000, na waya ambazo kama zingeunganishwa ncha kwa ncha zingefika kilomita 800 hivi. Ilikuwa na kelele nyingi, kwa sababu ilifanya hesabu kwa magurudumu na kwa swichi ziitwazo rilei.

Rilei ni nini? Rudi kwenye msumari wako. Sumaku-umeme inapopata umeme huvuta kipande cha chuma. Kipande hicho kikivutwa hugusa waya mwingine na kufunga saketi ya pili. Umeme ukikatika, springi hukirudisha kipande hicho mahali pake na saketi hufunguka. Basi rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Panga rilei nyingi kwa utaratibu maalumu, nazo zitaweza kuhesabu. Mark I iliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde. Kuzidisha kuliichukua sekunde 6 hivi. Leo kompyuta ndogo iliyo ndani ya simu ya mkononi ingeicheka, lakini mwaka 1944 hapakuwa na mtu aliyeweza kushindana nayo usiku na mchana bila kuchoka.

Amri za mashine ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi. Tundu likiwa mahali fulani lilikuwa na maana yake. Likikosea nafasi moja tu, jibu lote liliharibika. Profesa Aiken alimpa Grace kazi mara tu alipofika, bila kumpa muda wa kuizoea mashine. Basi akajifunza huku akifanya. Yeye na wenzake walikokotoa hesabu nyingi za jeshi. Mwaka huo alikuja mtaalamu mmoja, John von Neumann, na hesabu ngumu ambayo watumishi wa mashine hawakuambiwa ni ya nini. Baada ya vita walijua kwamba ilihusu bomu la atomiki. Mashine haiulizi inahesabu kwa ajili ya nani. Watu ndio wanaoweza kuuliza, na safari ile hawakupewa nafasi ya kuuliza.

Aiken alimwamuru pia aandike kitabu cha kueleza jinsi ya kuitumia mashine. Grace aliona kazi hiyo ni nzito, lakini akaikamilisha. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1946, nacho kina kurasa zaidi ya 500.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho watu wengi hukisimulia vibaya. Kila msimu wa senene unapofika Bukoba, watu huwasha taa kali usiku na kuweka mabati na mapipa chini yake. Senene huifuata nuru, hugonga bati, huanguka ndani ya pipa. Wadudu wengi wanaoruka usiku huvutwa na taa, na nondo ni miongoni mwao. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Harvard waliona kwamba mashine yao mpya, Mark II, inakosea. Walitafuta kosa hilo rilei baada ya rilei, mpaka wakamkuta nondo amebanwa ndani ya mojawapo. Mwili wake ulizuia kile kipande cha chuma kugusa waya. Walimtoa, wakambandika kwa gundi ya karatasi katika daftari la kumbukumbu za kazi, wakaandika saa na jambo lililotokea. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington, na nondo yumo bado.

Husemwa kwamba siku hiyo ndipo mafundi wa Marekani walipoanza kuita kosa la mashine mdudu. Si kweli. Neno hilo lilikuwa likitumika miongoni mwa mafundi tangu karne ya 19. Walioandika daftari waliona kichekesho kwa sababu safari hii mdudu alikuwa mdudu kweli. Wala si Grace aliyemtoa nondo huyo. Yeye alipenda tu kukisimulia kisa hicho, na kwa kuwa alikuwa msimulizi hodari, watu wakadhani ni chake. Yafaa mwanafunzi wa sayansi azoee kuuliza jambo limeandikwa wapi na tarehe gani.

Mwaka 1949 Grace aliondoka Harvard, akajiunga na kampuni changa katika mji wa Philadelphia. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza kompyuta iliyoitwa UNIVAC. Kompyuta ya kwanza ya aina hiyo ilipokelewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani mwaka 1951. UNIVAC haikutegemea rilei kukokotoa hesabu zake, bali taa za umeme za vioo ambazo hazina kipande kinachosogea, na kwa sababu hiyo iliweza kujumlisha karibu mara 1,900 kwa sekunde. Linganisha na mara 3 za Mark I. Mashine ilikuwa imepata mbio za ajabu, lakini mtu aliyeiandikia amri alibaki na mwendo wake ule ule.

Hapo ndipo Grace alipoona tatizo. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari. Mtu akishaandika amri za kutafuta, kwa mfano, kipeo cha pili cha namba, na kuhakikisha kuwa ni sahihi, aliziweka daftarini. Mwenzake akizihitaji, alizinakili kwa mkono. Na watu, hata wale wenye shahada kubwa, hukosea wanaponakili. Waliruka mstari, wakachanganya herufi na tarakimu, wakajumlisha vibaya.

Grace mwenyewe hakuwa salama. Kompyuta moja aliyofanya nayo kazi ilihesabu kwa nane. Katika hesabu hiyo hakuna tarakimu 8 wala 9; baada ya 7 huja 10. Aliizoea hata ikamwingia kichwani. Kwa miezi kadhaa hesabu ya fedha zake za benki ikawa hailingani na ya benki, asijue kwa nini. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mtu wa benki, alikaa na vitabu vyake jioni kadhaa mpaka akalipata kosa: mara kwa mara dada yake alikuwa akitoa fedha zake kwa hesabu ya nane.

Akafikiri hivi: kunakili bila kukosea ni kazi ambayo mashine huiweza kuliko mtu. Kwa nini basi mtu anakili, na mashine inangoja? Akakusanya zile amri zilizokwisha kuthibitishwa, akazirekodi katika utepe wa sumaku, kila fungu likapewa namba yake. Kisha akaandika programu ya pekee. Mtu aliorodhesha namba za mafungu anayoyahitaji, na programu hiyo ilikwenda kwenye utepe, ikayachukua mafungu hayo, ikayaunganisha na kuyapanga mpaka yakawa programu moja iliyo tayari kufanya kazi. Programu hiyo iliitwa A-0, nayo ilikamilika mwaka 1952. Grace aliipa aina hiyo ya programu jina la kompaila, yaani mkusanyaji. Kwa kipimo cha leo A-0 haikuwa kompaila kamili, maana ilikusanya zaidi kuliko ilivyotafsiri. Lakini kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa inashiriki kuandika programu yake yenyewe.

Je, watu walifurahi? Hawakufurahi. Wengi walishikilia kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Grace alikuwa na kompaila inayofanya kazi mbele ya macho yao, nao hawakutaka kuigusa. Mwalimu huyu wa zamani akarudi kwenye kazi ya kufundisha: alisafiri, alihutubia, alieleza tena na tena.

Wakati huo huo alikuwa akiwaza jambo kubwa zaidi. Wanahisabati hupenda alama, lakini makarani wa maofisi na maduka hawapendi alama. Wao hupenda maneno. Ikiwa mashine inaweza kukusanya mafungu kwa namba, kwa nini isiweze kusoma neno na kulibadili kuwa tarakimu? Kwa mashine neno ni mfuatano wa alama tu. Mtu akikubaliana nayo kwamba mfuatano fulani maana yake ni kujumlisha, basi itajumlisha.

Tuseme karani wa chama cha ushirika cha kahawa anataka kujua mkulima alipwe kiasi gani. Katika lugha ya maneno angeweza kuiagiza mashine namna hii:

SOMA KILO.
SOMA BEI.
ZIDISHA KILO KWA BEI, UPATE MALIPO.
ANDIKA MALIPO.

Mkulima akileta kilo 60, na bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, mashine itaandika 180,000. Karani hahitaji kujua swichi ipi imefungwa. Hata mkulima mwenyewe, akisomewa amri hizo, anaweza kusema kama ni za haki au si za haki. Fikiri juu ya jambo hilo. Amri zilipokuwa tarakimu tupu, mkulima asingeweza kujua kama amepunjwa.

Januari 1955 Grace na wenzake walipeleka taarifa kwa wakubwa wa kampuni, wakiomba fedha za kutengeneza kompaila ya namna hiyo. Ndani yake waliandika mfano wa programu fupi kwa maneno ya Kiingereza. Kisha, kwa kuwa maneno ni alama tu, wakaubadili mfano ule ule ukawa na maneno ya Kifaransa, na mara nyingine ya Kijerumani. Walitaka kuonyesha kwamba kwa mashine ni mamoja. Hiyo ikawa hatari kubwa kuliko walivyotazamia. Wakubwa walishangaa, wakaona haiwezekani kabisa kwamba kompyuta iliyotengenezwa Philadelphia ifahamu Kifaransa au Kijerumani. Grace alilazimika kuwaahidi kwamba mashine itatumia Kiingereza peke yake, ndipo kazi ikaendelea.

Tazama vizuri jambo lililotokea hapo. Mashine haikukataa lugha nyingine. Watu ndio waliokataa. Kwa hiyo lugha za kompyuta zilizofuata zilitumia maneno ya Kiingereza, na watoto wa nchi nyingine wakakua wakidhani kwamba kompyuta kwa asili yake huelewa Kiingereza. Mimi pia, nilipokuwa mwanafunzi, nilidhani hivyo.

Lugha ya Grace iliitwa FLOW-MATIC, na katika miaka ya mwisho ya 1950 wateja wa UNIVAC walikuwa wakiitumia. Si yeye peke yake aliyekuwa akitunga lugha. Mwaka 1957 kundi lililoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa FORTRAN, lugha iliyowafaa wanasayansi na wahandisi. Lakini hapo tatizo jingine likazuka: kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Ofisi ikinunua mashine ya kampuni nyingine, ilibidi iandike programu zake zote upya. Mei 1959 watu wa serikali na wa makampuni walikutana, wakakubaliana kutunga lugha moja ya shughuli za biashara itakayofanya kazi katika mashine za makampuni yote. Lugha hiyo ndiyo COBOL.

Watu humwita Grace mama wa COBOL. Sifa hiyo imezidi kidogo. Kamati ndogo iliyoandika kanuni zake ilikuwa na watu 6, na wawili kati yao, Jean Sammet na Gertrude Tierney, walikuwa wanawake, Grace hakuwemo. Alikuwa mmoja wa washauri. Lakini kamati hiyo ilijenga juu ya msingi wa FLOW-MATIC, na ndiyo sababu watu wakampa jina hilo. Mjumbe mmoja alichoshwa na ucheleweshaji wa wakubwa hata akanunua jiwe la kaburi lenye jina la COBOL, akalituma kwa kiongozi wa mradi. Jiwe lipo hata leo. Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL ilifanya kazi katika kompyuta mbili za makampuni mawili tofauti. Mashine mbili zisizofanana zilikuwa zimeifahamu lugha moja.

COBOL ilienea katika mabenki na ofisi za serikali duniani, na mabenki mengi yanaitumia hata sasa. Ilikuwa na mapungufu. Zamani nafasi ya kuhifadhi habari ndani ya kompyuta ilikuwa ghali, basi waandishi wengi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili, 65 badala ya 1965. Mwaka 2000 ulipokaribia, mashine zingeusoma kuwa 00 na kuudhani 1900. Gharama kubwa ilitumika kuzipekua programu za zamani na kuzirekebisha. Wenye kosa walikuwa wengi, na wengi wao hawakutazamia kwamba kazi yao ingedumu miaka 40.

Grace alistaafu jeshini mwishoni mwa mwaka 1966. Baada ya miezi michache, Agosti 1967, Jeshi la Majini lilimwita tena kwa muda wa miezi 6, kwa sababu programu zake za COBOL zilikuwa zimevurugika. Miezi 6 hiyo ikawa miaka 19. Alipandishwa cheo hadi akafikia ngazi ya maadmirali. Ofisini mwake alitundika saa iliyokwenda kinyume: mishale yake ilizunguka kushoto, na tarakimu zake zilipangwa kinyume vile vile, basi ilitaja wakati sahihi. Wageni walistaajabu, kisha baada ya muda mfupi wakaweza kuisoma. Alitaka waone kwamba mambo mengi tunayoyaita sheria ni mazoea tu.

Alikuwa pia na kifaa kingine cha kufundishia, ambacho wewe unaweza kukitengeneza leo. Watu walimweleza kwamba kompyuta mpya hufanya kazi kwa nanosekunde, naye alitaka kuiona nanosekunde. Sekunde moja ukiigawa sehemu bilioni moja, kila sehemu ni nanosekunde. Nani awezaye kuiona? Grace alihesabu hivi: mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kilomita 300,000 ni sentimeta bilioni 30. Gawa kwa bilioni moja, utapata sentimeta 30. Basi katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimeta 30, na umeme katika waya hauwezi kuupita. Akakata vipande vya waya vya urefu huo, akawagawia wasikilizaji wake. Rula yako ina sentimeta ngapi? Maadmirali walipomwuliza kwa nini ujumbe unachelewa kufika kupitia setilaiti, aliwaonyesha waya huo, akawaambia wahesabu ni nanosekunde ngapi zilizopo kati yao na setilaiti.

Aliondoka jeshini tarehe 14 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 79, katika sherehe iliyofanyika juu ya meli ya kale mjini Boston. Wakati huo hakuna ofisa mwingine wa jeshi la nchi yake aliyekuwa kazini akiwa na umri mkubwa kama wake. Hakukaa nyumbani, aliajiriwa na kampuni ya kompyuta, akaendelea kuhutubia. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1997.

Na sisi je? Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, zuio ambalo liliondolewa baadaye. Waliojifunza kuziandikia programu walitumia lugha zenye maneno ya Kiingereza, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Lakini katika miaka ya 2020 Watanzania walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Nuru, nayo hutumia maneno ya Kiswahili. Ukitaka mashine iandike jibu, unatumia neno andika. Ukitaka ipime sharti, unatumia neno kama. Sharti lisipotimia, neno ni sivyo. Mashine inayafahamu, kama ambavyo mwaka 1955 ingeyafahamu ya Kifaransa.

Sasa fanyeni jaribio hili wawili wawili. Mmoja awe mwandishi wa programu, mwingine awe mashine. Mwandishi aandike amri za kumwongoza mwenzake kutoka dawati lake hadi mlangoni, kwa Kiswahili au kwa Kihaya au kwa lugha yoyote mnayoifahamu nyote wawili. Anayekuwa mashine afuate kila amri kama ilivyoandikwa, asiongeze wala asipunguze, hata kama amri hiyo inampeleka ukutani. Atakapofika ukutani, tafuteni amri iliyokosewa, kisha liandikeni kosa hilo katika daftari pamoja na saa na tarehe, kama walivyofanya mafundi wa Harvard kwa yule nondo.